Boksi la umeme la CNC ya nyumbani: paneli ya chuma, plastiki, kasha la kompyuta au la kuchomelewa?

Mashine tunayoizungumzia ni milingi ndogo ya mezani (mashine ya kuchonga chuma kwa kikatio kinachozunguka), ya ukubwa wa Sieg X2 au zile za aina ya BF20, iliyovuliwa hendeli zake na kufungwa stepa mota tatu (zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo) za saizi ya NEMA 23, ili iongozwe na kompyuta; ndiyo maana ya CNC. Kazi ya vyuma ikiisha, mezani hubaki lundo: pawa saplai, draiva tatu za kuendesha mota, bodi ya kuunganisha kompyuta na draiva, kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili ya umeme), na nyaya zisizo na kwao. Hapo ndipo boksi hununuliwa kwa jicho. Vifaa vinaingia, mlango unafungwa, basi. Kisha unakuja mchana wa jua kali, pawa saplai inajikata katikati ya kazi, inapoa, inajiwasha yenyewe, na kipande cha alumini kilichokuwa kinachongwa kimeshaharibika. Lawama huenda kwa mota au kwa programu, ilhali kosa lilifanyika dukani siku ya kununua boksi.

Boksi linapambana na mambo mawili yanayovutana: joto linalotaka kutoka, na chenga za chuma zinazotaka kuingia. Ukiziba vizuri unafungia joto. Ukitoboa matundu ya hewa unakaribisha chenga. Kwa hiyo swali la "chuma au plastiki" halijibiki mpaka ujue wati ngapi zinageuka joto humo ndani na boksi litakaa umbali gani na kikatio.

Hesabu kwanza

Chukua vifaa vya kawaida vya mashine hii. Draiva ya modeli ya DM542 ikiendesha mota karibu na ampea zake za juu hupoteza takriban wati 10; ziko tatu, basi 30. Pawa saplai ya volti 36 yenye wati 350, mota zikivuta wastani wa wati 150, hupoteza kama 20, kwa kuwa ufanisi wake uko karibu na asilimia 88. Koili ya kontakta, pawa saplai ndogo ya volti 24 ya swichi za mwisho (zinazoguswa mhimili ukifika ukingoni), na bodi zote, tia 15. Jumla wati 65.

Boksi lililotundikwa ukutani halipozi kwa pande zake zote sawasawa. Mgongo umegusana na ukuta. Eneo linalopoza unalipata hivi: 1.4 × upana × (kimo + kina), ujumlishe 1.8 × kina × kimo, vipimo vyote kwa mita. Zidisha jibu kwa 5.5 kama ni chuma kilichopakwa rangi, au kwa 3.5 kama ni plastiki. Hizo ndizo wati zinazotoka kwa kila nyuzi moja ya joto ambayo ndani imezidi nje. Gawanya 65 kwa namba hiyo, utajua ndani kutakuwa na joto kiasi gani zaidi ya chumba.

| Boksi lililozibwa (kimo × upana × kina, mm) | Chuma | Plastiki |
|---|---|---|
| 400 × 300 × 200 | nyuzi 30 zaidi | nyuzi 47 zaidi |
| 500 × 400 × 200 | nyuzi 21 zaidi | nyuzi 32 zaidi |
| 600 × 500 × 200 | nyuzi 15 zaidi | nyuzi 24 zaidi |
| 600 × 600 × 250 | nyuzi 12 zaidi | nyuzi 19 zaidi |

Karakana yenye paa la bati kule Dar es Salaam au Mombasa hufika nyuzi 32 bila shida. Boksi la chuma la 500 × 400, ambalo ndilo watu wengi hulichukua kwa sababu vifaa vinaingia vizuri, litakuwa na nyuzi 53 ndani. DM542 imeruhusiwa kufanya kazi katika hewa ya hadi nyuzi 50, na pawa saplai nyingi za aina hii huanza kupunguziwa mzigo zikivuka hapo hapo. Panda saizi moja, 600 × 500, unashuka hadi 47. Tofauti ya bei kati ya maboksi hayo mawili ni ndogo kuliko bei ya draiva moja.

Kuna punguzo la bure pia. Swichi ndogo ya SW4 kwenye DM542 ikiwa OFF hushusha ampea hadi nusu pale mota inaposimama. Wengi huiwasha wakidhani wanapata nguvu zaidi. Kwa milingi ya mezani iache OFF. Draiva na mota zote zitapoa.

Paneli ya chuma ya dukani

Ni lile boksi la kijivu linalouzwa na maduka ya vifaa vya umeme kwa ajili ya paneli za pampu na jenereta. Bati lake ni la milimita 1.2 hadi 1.5, mlango una raba, chini pana kibati cha kupitishia glandi (vibanio vinavyoziba kebo inapoingia), na ndani mna sahani ya mabati inayofungwa kwa nati nne. Kwa kazi ya kukata chuma hatuoni la kulishinda, na sababu kubwa ni hiyo sahani. Unaitoa, unaipanga mezani, unatoboa, unafunga kila kitu, unaunganisha nyaya ukiwa umekaa, kisha unairudisha. Aliyewahi kuinama ndani ya boksi akitafuta tundu la skrubu kwa bisbisi anajua thamani yake. Tena draiva zikikazwa kwenye sahani kwa mgongo wake wa alumini, sahani nzima inageuka kuwa kipoozeo.

Jambo la kuangalia dukani kabla ya saizi ya mbele ni kina. Maboksi ya kina cha mm 150 ni rahisi kupatikana na yanaonekana yanatosha. Kutoka mlangoni hadi kwenye sahani yanabaki kama mm 125. Kontakta ndogo juu ya reli ya mm 35 hunyanyuka hadi karibu mm 95. Sasa funga kitufe chekundu cha dharura mlangoni: mgongo wake na vipande vyake vya mguso huingia ndani mm 55 hadi 60. Mlango haufungi, au unafunga huku kitufe kikisukuma waya wa laivu juu ya kontakta. Chukua kina cha mm 200.

Mpangilio unaofanya kazi: umeme mkubwa upande mmoja, ishara ndogo upande wa pili. Pawa saplai ya 215 × 115 isimame wima, pembeni yake draiva tatu zikisimama kwa ubavu, kila moja mm 34 kwa upana na pengo la mm 30 kati yao. Zote tatu zinakula mm 162. Mapezi yaelekee juu na chini ili hewa moto ipande. Chini yake weka reli: sakiti breka, kontakta, pawa saplai ya volti 24, vibana-waya. Bodi ya kompyuta iende kwenye kona ya mbali na kontakta. Kati ya safu na safu pitisha tranki (mfereji wa kulaza nyaya) yenye meno ya 40 × 60, na uache angalau mm 30 kati ya tranki na matundu ya hewa ya draiva. Wanaosahau tranki katika vipimo vyao ndio hurudi dukani kununua boksi la pili.

Kinachoharibika kwenye paneli ya chuma ni rangi yake. Rangi ya unga iliyopikwa ni kihami kizuri ajabu. Bolti ya ethi ikikazwa juu yake inaonekana imeshika, na mita inasema hakuna kitu. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, eneo la ukubwa wa washa, weka washa ya meno, bolti ya M6, kaza, kisha paka grisi kidogo kuzuia kutu. Fanya hivyo kwa boksi, kwa sahani, na kwa mlango. Mlango una waya wake wa kijani na njano unaokunjika, kwa sababu bawaba haziaminiki kupitisha umeme wa hitilafu. Pima kwa mita kutoka kwenye pini ya ethi ya plagi hadi kila kipande cha chuma: baada ya kutoa ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, isizidi omu 0.1.

Kingine ni maandishi ya IP, yaani kiwango cha boksi kuzuia vumbi na maji. Boksi limeandikwa IP65 likiwa zima. Namba ya 6 inasema vumbi haliingii kabisa, 5 inasema linahimili maji ya kurushwa kwa bomba. Tundu la kwanza utakalotoboa linaifuta ahadi hiyo, na unairudisha kwa glandi sahihi tu. Glandi ya M20 hubana kebo ya kipenyo cha mm 6 hadi 12. Ukipitisha kebo mbili nyembamba katika glandi moja, raba haizungukii pengo lililo kati yao, na vumbi la chuma cha kalibu linajua kupita hapo. Glandi zote ziingie kwa chini, na kila kebo ishuke kidogo kuliko glandi kabla ya kupanda, ili mafuta na maji ya kupozea yadondoke sakafuni badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Feni au bila feni

Ukiwa na boksi dogo tayari na hutaki lingine, feni ndiyo njia. Hesabu yake ni fupi: 3.1 × wati ÷ nyuzi unazokubali zizidi. Kwa wati 65 na nyuzi 10 unahitaji mita za ujazo 20 za hewa kwa saa. Feni ya mm 120 hutoa mara kadhaa ya hapo ikiwa wazi, na hata chujio likiinyonya nusu ya nguvu bado inatosha. Iwekwe chini, ikisukuma hewa ndani kupitia chujio, na hewa itokee juu upande wa pili. Feni inayovuta nje hufanya kila ufa wa mlango uwe mdomo wa kunyonya vumbi.

Ila chujio husafishwa. Karakana inayokata MDF (mbao za unga uliobanwa) upande mmoja na alumini upande mwingine huziba chujio haraka sana, na boksi dogo lenye chujio lililoziba lina moto kuliko boksi kubwa lisilo na feni kabisa, kwa kuwa lilichaguliwa dogo kwa kutegemea feni. Pwani kuna la ziada: feni inaleta hewa yenye chumvi na unyevu juu ya bodi saa zote. Ndiyo maana tunapendelea boksi kubwa lililozibwa, lenye feni ndogo ya mm 80 ndani inayokoroga hewa tu. Haitoi joto nje, lakini inaondoa kile kidimbwi cha joto kinachojikusanya juu ya draiva na kulisambaza kwenye kuta zote za bati.

Nyanda za juu, Mbeya au Nairobi, shida hugeuka. Boksi lililozibwa linapata joto mchana na kupoa sana usiku, na umande huganda ndani ya mlango. Kifuniko kidogo cha kupumulia kilichofungwa chini kabisa kinatosha.

Kasha la kompyuta ya zamani

Ni la bure au karibu na bure, lina feni, lina matundu ya nyaya, na kwa wengi ndilo jaribio la kwanza. Bati la mm 0.6 hadi 0.8 linazuia kelele za umeme kwa kiasi cha kuridhisha. Eneo la bodi kuu, la takriban mm 305 × 244, linachukua draiva tatu na bodi ya kuunganisha. Pawa saplai ya volti 36 hukaa mahali pa diski. Ile pawa saplai ya kompyuta iliyokuwa humo haina kazi kwa mota, kwa kuwa volti 12 ni ndogo hata kuiwasha DM542, inayotaka kuanzia 20.

Tatizo ni matundu. Kasha hili limebuniwa kukaa ofisini. Lina wavu mbele, nyuma, pembeni, wakati mwingine na juu. Chenga nyembamba ya alumini inayotoka kwenye kikatio cha mm 6 huruka mita mbili kwa urahisi, na ikitua kati ya miguu ya bodi hufanya shoti. Uso wa mbele ni plastiki, hivyo kitufe cha dharura hakishiki vizuri. Ukikigonga kwa kiganja, uso mzima unachomoka. Na bati ni jembamba mno kwa bolti ya ethi bila kuweka kipande cha chuma nyuma yake.

Kuna waliotia kompyuta yenyewe na draiva pamoja katika kasha moja. Inafanya kazi mezani, kisha kontakta ikishika, mawasiliano ya USB yanakatika na mashine inasimama. Afadhali kompyuta ikae kando. Kama unatumia bodi inayozungumza kwa kebo ya mtandao, kama zile za Mesa kwa programu ya LinuxCNC, hilo lina nafuu: laini ya Ethernet ina transfoma ndogo ndani inayotenga umeme wa pande mbili. USB ya bodi ya Arduino yenye programu ya grbl haina kinga hiyo.

Kwa hiyo kasha la kompyuta linafaa pale umeme unapokaa chumba kingine, au upande wa pili wa ukuta, au mashine inapokata mbao na kuna mfuko wa kunyonya vumbi. Ziba wavu wa juu kwa bati na riveti, acha feni moja ya kusukuma ndani yenye chujio.

Plastiki

Jedwali limeshasema nusu ya hukumu. Boksi la ABS au polikaboneti haliozi kwa chumvi, ni jepesi, na linatobolewa kwa drili ya kawaida. Lakini wati 65 humo ni kupika vifaa vyako mwenyewe, na kelele za umeme hazizuiwi hata kidogo.

Kuna mtego mmoja ambao hauonekani mpaka mashine ianze kufanya vituko. Soketi za duara za GX16, zile zinazotumika sana kwa kebo za mota, zina ganda la chuma, na kwenye boksi la chuma ganda hilo linagusa bati lenye ethi lenyewe tu. Kwenye plastiki haligusi kitu. Waya wa ngao wa kebo uliouunganisha na ganda unaning'inia hewani na kuwa antena, na swichi za mwisho zinaanza kutoa ishara za uongo kila mota ya kukatia ikiwashwa. Kila soketi inahitaji pete yake ya waya kwenda kwenye kituo cha ethi. Soketi nne, pete nne. Hakuna njia ya mkato.

Na gundi ya kufungia nati, ile ya maji ya bluu au nyekundu, usiikaribishe hapa. Inapasua ABS na polikaboneti mahali palipobanwa, na ufa huonekana siku baadaye kuzunguka glandi.

Penye nafasi yake plastiki ni nzuri: kiboksi cha vitufe kinachokaa karibu na mashine, au bodi ya kudhibiti peke yake ikiwa draiva ziko kwingine.

Mbao

Kwa majaribio ya wiki moja mezani, sawa. Kama boksi la kudumu, hapana. Inashika moto, haipozi, haina ethi, na MDF huvimba kwa unyevu mpaka mlango unakataa kufunga. Ukilazimika, tandika bati ndani pande zote na uliunganishe na ethi. Kufikia hapo umeshafanya kazi ya boksi la chuma kwa njia ndefu.

La kuchomelewa na fundi

Kamukunji Nairobi, Gerezani Dar, Katwe Kampala: mafundi wa bati wa kukukunjia boksi kwa kipimo chako wapo. Faida kubwa si bei, kwa kuwa boksi moja la oda mara nyingi halishindi la dukani. Faida ni umbo. Unaweza kuagiza boksi refu jembamba linaloingia nyuma ya meza ya mashine, au lenye dirisha mgongoni la kutolea mapezi ya kupozea nje. Hilo la mapezi ndilo linalofanya oda iwe na maana: draiva zikifungwa kwenye bamba nene la alumini lenye mapezi yaliyo nje, wati 30 kati ya zile 65 haziingii ndani ya boksi kabisa, na boksi la 500 × 400 linabaki na nyuzi kama 11 tu zaidi ya chumba, likiwa limezibwa. Acha tu pengo la kutosha hadi ukutani, ili hewa ipande kwenye mapezi.

Mpe fundi karatasi yenye haya: bati la geji 16 au 18, kona zikunjwe, siyo kuunganishwa kwa kuchomelea pande zote, maana bati jembamba hujipinda kwa moto na mlango haukai, ukingo wa mlango ujikunje ndani mm 15 ili raba ipate pa kukalia, bolti nne za M8 zichomelewe mgongoni kwa ajili ya sahani, bolti moja ya M6 ya ethi ichomelewe kabla ya rangi, na nyuzi zake zifunikwe kwa tepu wakati wa kupaka. Bila hiyo tepu utaikwangua rangi kwenye nyuzi kwa nusu siku. Kama bati ni la mabati, moshi wake wa zinki ni sumu, na mshono unaobaki bila zinki ndio utakaoota kutu kwanza. Bati jeusi lililopakwa praima vizuri ni rahisi zaidi.

Kisichoingia kwenye boksi lolote

VFD (kifaa cha kubadili kasi) ya spindo, yaani mota inayozungusha kikatio, ya kilowati 2.2 ikae nje, kwenye boksi lake au ukutani. Ikiwa na mzigo kamili hupoteza wati 70 hadi 90, yaani joto ulilolipigia hesabu linakuwa zaidi ya mara mbili, na kelele zake za umeme ni mbaya kuliko za kifaa kingine chochote hapa. Kebo yake iwe mbali na za swichi kwa mm 200 au zaidi, na zikibidi kukutana zikatane kwa pembe mraba. Milingi iliyobaki na mota yake ya brashi na bodi yake ya zamani ina kelele pia. Hiyo bodi iache mahali ilipotoka kiwandani.

Swichi za mwisho ziendeshwe kwa volti 24 kupitia optokapla (kijisehemu kinachopitisha ishara kwa mwanga). Volti 5 za Arduino kwenye kebo ya mita tatu zinayumbishwa na kitu kidogo sana.

Haya ni sawa kwa kila boksi

Matundu yote yatobolewe kabla kifaa cha kwanza hakijafungwa. Biti ya ngazi hadi mm 32, mwendo wa polepole, tone la mafuta. Mm 22 kwa vitufe, mm 16 kwa GX16. Lile tundu moja la mwisho lililosahaulika ndilo linaloua bodi: unga wa chuma unaingia kwenye matundu ya draiva, na kupuliza kwa kompresa kunausukuma ndani zaidi. Likikulazimu, toa sahani nzima.

Kitufe cha dharura na kitufe cha kuwasha viendeshe kontakta inayojishikilia. Umeme ukikatika inaachia, na ukirudi mashine haijiwashi yenyewe huku mkono wako uko kwenye jiliwa la kubania kazi. Kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi, hili si pambo. Kontakta ikate upande wa 230, kabla ya pawa saplai. Usikate volti 36 kati ya pawa saplai na draiva. Kila kukata na kuwasha kunapiga draiva kwa msukumo wa volti. Vivyo hivyo usichomoe soketi ya mota mashine ikiwa imewashwa. DM542 haisamehi.

Sakiti breka iwe aina ya C, ampea 6 au 10. Pawa saplai ya wati 350 huvuta hadi ampea 60 kwa kitambo kidogo sana inapowashwa, na breka ya aina ya B huanguka bila kosa lolote. Kabla ya hapo tazama ubavuni mwa pawa saplai: kuna kiswichi cha 115 na 230. Ikiwa iko 115 ukachomeka kwenye soketi ya nyumbani, kapasita hupasuka ndani ya sekunde. Na kama unachagua kati ya pawa saplai ya volti 36 na ya 48 kwa DM542, ambayo mwisho wake ni 50, chukua 36. Mota nzito inaposimama ghafla hurudisha volti kwenye laini, na ile nafasi ya volti 2 haitoshi.

Tungechagua lipi

Unakata alumini au chuma na boksi liko chumba kimoja na mashine: paneli ya chuma 600 × 500 × 200, imezibwa, feni ya kukoroga ndani, imetundikwa ukutani na siyo kwenye nguzo ya mashine, ambapo mtetemo hulegeza skrubu za vibana-waya. Nafasi ni finyu au unatumia mota kubwa zaidi za NEMA 34 zenye draiva kubwa: la kuchomelewa lenye mapezi nje, na urudie hesabu kwa wati zako mpya. Pesa zimeisha na umeme unaweza kukaa nyuma ya ukuta: kasha la kompyuta. Plastiki, kwa vitufe tu.

Kabla ya kukata kazi ya kwanza, ning'iniza kipimajoto ndani, sehemu ya juu kabisa, funga mlango, washa mashine na uendeshe programu ya kuzungusha mihimili yote mitatu hewani kwa saa mbili, mchana. Boksi la chuma huchukua zaidi ya saa moja kufika kwenye joto lake la kudumu, kwa hiyo kipimo cha dakika ishirini kinadanganya. Likisoma chini ya 48, endelea na kazi. Likivuka 50, punguza kwanza ampea za draiva kwa ngazi moja na ujaribu tena. Mota nyingi za milingi ya mezani hazitahisi tofauti, na huenda ukaokoa gharama ya feni.